Kibanda cha Mbao Pembezoni mwa Msitu
Mwaka jana nilichora kibanda cha mbao kwa ajili ya kiwanja kilichopakana na msitu, upande wa Ngong, nami nakiita kibanda kwa makusudi, maana jina la nyumba ndogo lina maneno mengi hapa Nairobi. Adui mkubwa si mvua bali ni mchwa. Kwa hiyo sakafu niliiinua nusu mita juu ya nguzo za mawe, na juu ya kila nguzo fundi akaweka bati lililokunjwa kingo kuelekea chini, ili mchwa akijenga njia yake ya udongo alazimike kupita mahali tunapomwona. Mbao ni za saiprasi ya kupandwa, si mtarakwa wa msitu wa asili, ingawa mtarakwa hustahimili mchwa vizuri zaidi. Nilipozinunua zilikuwa mbichi; fundi aliubonyeza ubao mmoja kwa ukucha, ukatoa unyevu, akaguna tu. Tulizipanga kivulini miezi 3, tukitenganisha kila safu kwa vijiti ili hewa ipite, kwa kuwa ubao wenye unyevu unaozidi asilimia 20 hualika ukungu. Hakuna mti uliokatwa. Baraza limepinda kuuzunguka mmoja.