Friza yangu na kinu cha nyuklia

Jumanne stima ilikatika saa mbili usiku, ikarudi alfajiri. Kwenye friza yangu hapa Likoni mlikuwa na kilo 40 za changu na tafi. Nilipofungua kifuniko, barafu ishakuwa maji na macho ya samaki yameanza kuwa meupe.

Ndiyo maana habari za vinu vidogo vya nyuklia, vya kuzalisha umeme, hunifanya nitege sikio. Kidogo maana yake megawati 300 kushuka chini, vipande viundwe kiwandani halafu vipelekwe kuunganishwa mahali pake. Urusi wanacho kituo kinachoelea, Akademik Lomonosov, kimetia nanga bandari ya Pevek: vinu viwili, megawati 35 kila kimoja, kinatoa umeme tangu Desemba 2019. Si meli hasa, ni tishari la kuvutwa. Mie nikivuka feri huliwazia pale Kilindini.

Bei sasa! Marekani, mradi wa vinu vidogo wa kampuni ya NuScale kule Idaho ulivunjwa Novemba 2023, gharama zimepaa kabla ya ujenzi kuanza.

Shangazi yangu yuko Uyombo, Kilifi, palipopendekezwa kujengwa kituo cha nyuklia. Hataki kusikia.

“Weye walilia samaki wa friza, mwanangu. Mie nalilia walio baharini.”

Nikanyamaza. Tafi wangu hutoka kwake.