Siku tatu, ukumbi mmoja: kuandaa tamasha la filamu za kwia

Tamasha la filamu za kwia, yaani filamu mpya zinazohusu wapenzi wa jinsia moja, watu waliobadili jinsia na jamii inayowazunguka, halihitaji ukubwa ili liwe na maana. Frameline ya San Francisco, kongwe kuliko yote, ilianza mwaka 1977 kwa filamu fupi za Super 8, ukanda mwembamba wa kamera za nyumbani. Kinachohitajika ni mambo mawili: filamu ionekane na isikike kama mwongozaji alivyokusudia, na aliyekuja kuitazama aondoke salama, siri yake ikiwa bado yake. Maamuzi mengine karibu yote yanatokana na hayo.

Tarehe huamua filamu utakazopata. Tuzo ya Teddy ya tamasha la Berlin, iliyoanza 1987, hutolewa Februari. Tamasha la BFI Flare la London huwa Machi, tuzo ya Queer Palm ya Cannes (tangu 2010) ni Mei, na ile ya Queer Lion ya Venice (tangu 2007) ni Septemba. Filamu inayozungumzwa mwaka huo hupita njia hizo kwanza, na msambazaji hapendi kuiachia tamasha dogo kabla haijamaliza mzunguko. Kwa hiyo tamasha la Oktoba au Novemba lina uchaguzi mpana kuliko la Aprili. Ikiwa Aprili ndiyo nafasi pekee, omba za mwaka uliopita bila kuona haya. Kwa mtazamaji ambaye hajapata pengine pa kuiona, filamu ya miezi 14 bado ni mpya.

Mwandikie msambazaji miezi mitano au sita kabla, na barua ya kwanza iseme yote: ukumbi una viti vingapi, filamu itaonyeshwa mara ngapi, kuna kiingilio au hakuna, itawekwa mtandaoni au la. Ruhusa ya mwongozaji peke yake haitoshi kama haki za kuonyesha ameshaziuza, na hapo ndipo matamasha machanga hujikwaa zaidi. Ada huwa kiasi maalumu au sehemu ya mapato. Ipate kwa maandishi. Walipeni wa filamu fupi pia. Kumwambia kijana aliyetumia akiba yake yote kwamba malipo yake ni kujulikana ni dhuluma, hasa tamasha lenyewe linapouza tiketi kwa jina la jamii yake.

Uliza mapema kama sheria inataka filamu za tamasha zipite bodi ya uainishaji, yaani chombo cha serikali kinachokagua filamu. Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliposimamisha marufuku ya filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, nafasi iliyotolewa ilikuwa siku 7 tu. Nafasi fupi namna hiyo haimfai mwenye ukumbi ambaye bado anasubiri nakala.

Kwa ukumbi mmoja, Ijumaa jioni hadi Jumapili, maonyesho manane yanatosha: moja Ijumaa, manne Jumamosi, matatu Jumapili. Filamu ya dakika 90 hula saa mbili na robo ukijumlisha utangulizi wa dakika 5, mazungumzo ya dakika 20 na dakika 20 za kutoka na kuingia. Anayebana muda huo huanza onyesho la mwisho saa tano usiku, watu wakiwaza usafiri. Mkusanyo wa filamu fupi uwe na filamu tano hadi saba, dakika 75 hadi 85 kwa jumla. Usipange mbili za msiba zikifuatana, na usiweke ile nzito kuliko zote mwishoni. Ratiba nzima itazameni kwa jicho hilohilo: kama kila mhusika wa kwia anafukuzwa nyumbani au anakufa, kamati haijatafuta vya kutosha, kwa sababu filamu za mapenzi yanayodumu, za vichekesho na za wazee zipo.

Sasa nakala. Majumba ya sinema hutumia DCP, yaani nakala ya kidijitali ya filamu iliyoandaliwa kwa ajili ya sinema, na filamu ndefu huweza kufika gigabaiti 150 au zaidi, kwa hiyo kuipakua usiku wa kuamkia onyesho ni kutafuta balaa. Diski inayotumwa huandaliwa kwa ext2 au ext3, mifumo ya kuhifadhi faili ya Linux. Baadhi ya seva, yaani mashine zinazochezesha filamu ukumbini, hazisomi diski iliyoandaliwa kwa namna nyingine. DCP iliyofungwa huhitaji ufunguo wa kidijitali, KDM, ambao hutengenezwa kwa seva moja tu na kwa saa maalumu. Ukihamisha onyesho kutoka ukumbi wa 1 kwenda wa 2, ufunguo haufanyi kazi. Omba uanze kufanya kazi saa 48 kabla, ili majaribio yawezekane, na hakikisha umehesabiwa kwa saa za mahali pa onyesho, si za ofisi ya msambazaji.

Filamu fupi zina shida zake. Moja imepigwa kwa fremu 25 kwa sekunde, nyingine 30, na ukizigeuza zote kuwa 24 bila uangalifu, mwendo unakuwa wa kushtukashtuka. Programu ya bure ya DCP-o-matic hufanya kazi hiyo vizuri, lakini tazama matokeo kwenye kioo kikubwa, si kwenye kompyuta. Sauti ndiyo hukera zaidi: filamu iliyochanganywa kwa ajili ya simu hupiga kelele baada ya ile iliyochanganywa kwa ajili ya sinema. Jaribu kila moja ndani ya ukumbi na umwandikie fundi kiwango cha sauti kwa kila jina.

Kwenye ukumbi wa kawaida wenye projekta, kioo cha upana wa mita 3 kinataka mwanga wa lumeni 4,000 hivi na giza la kweli. Ukingo wa chini wa kioo uwe angalau mita 1.2 kutoka sakafuni. Sakafu ikiwa tambarare na kioo kikiwa chini ya hapo, vichwa vya mbele huyafunika manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha), na safu zote za nyuma hukosa mazungumzo.

Manukuu yenyewe yawe mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na kasi isizidi herufi 17 kwa sekunde. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo mfasiri lazima apunguze, si kutafsiri kila kitu. Filamu nyingi kuhusu watu waliobadili jinsia zina tukio ambalo mzazi anamtaja mhusika kwa jinsia asiyoikubali, na pigo lote limo katika kiwakilishi, kama “he” badala ya “she”, tofauti ambayo Kiswahili hakina. Manukuu yakisema “amefika” tu, pigo linapotea na mtazamaji haelewi mhusika ameinuka mezani kwa nini. Hapo mfasiri aweke “kaka yako” au “binti yangu”, kisha alinganishe filamu nzima. Mtu wa jamii ya kwia ayasome manukuu yote kabla hayajafungwa: matusi yabaki matusi kinywani mwa mtesaji, wala yasivuje kwenye sauti ya wapenzi.

Usalama wa watazamaji huanzia kwenye tiketi. Ruhusu jina la utani, na uangalie jina la mpokeaji litakaloonekana kwenye taarifa ya benki au ujumbe wa simu. Liwe la kawaida. Picha zipigwe jukwaani pekee. Anayekubali kupigwa avae utepe wa rangi moja, asiyekubali asilazimike kuvaa chochote, maana alama ya kukataa nayo humtambulisha mtu. Onyo kuhusu kujiua, ukatili au mwanga wa kumetameta liandikwe kwenye ratiba na mlangoni, bila kufichua hadithi.

Mkataba wa ukumbi utaje wazi aina ya tamasha, ili mwenye ukumbi asije akadai hakuambiwa, na ueleze atarudisha nini akijitoa. Ukumbi wa akiba utafutwe kabla ya kutangaza. Muulize pia kila mwongozaji kama waigizaji wake wanaweza kuonekana kwenye trela mtandaoni. Aliyekubali filamu yake ionyeshwe gizani kwa watu 80 huenda hajakubali uso wa rafiki yake usambae kwenye simu za mtaa mzima.

Ndani ya wiki mbili baada ya tamasha, rudisha diski, futa nakala zote kwenye kompyuta, futa orodha ya wanunuzi, lipa ada, na umtumie kila mwongozaji idadi ya waliokuja pamoja na maswali waliyouliza.