Siku moja katika wodi ambako kutulia ndiyo kazi ngumu

Saa 1:00 asubuhi ninapokea zamu. Mimi ni muuguzi katika wodi ya watu wanaotibiwa matatizo ya ulaji, na swali langu la kwanza kwa mwenzangu wa usiku huwa si nani amekula, bali nani hakulala. Leo ananieleza kwamba msichana wa kitanda cha mwisho, mwenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, ambao kwake huja na msukumo wa kutotulia na kufanya mazoezi kupita kiasi, alikutwa saa 9 usiku amesimama gizani kando ya kitanda, na alipoombwa alale alilia kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Saa 1:30 ninampima mapigo ya moyo. Akiwa amelala ni 42 kwa dakika. Akisimama yanaruka hadi 88. Yeye huniambia kwamba huo ni moyo wa mwanariadha, nami humjibu bila kumficha: moyo wa mwanariadha hupiga polepole kwa sababu umeimarika, ilhali wake unabana matumizi, kwa kuwa misuli yake imekonda pamoja na misuli mingine ya mwili. Ninamtoa damu ili tupime madini ya potasiamu na fosfeti, kwani fosfeti huweza kuporomoka pale mwili uliokaa na njaa muda mrefu unapoanza kulishwa tena, na hapo uhai huwa hatarini.

Saa 2:30 ni chakula, na baada yake nusu saa ya kukaa pamoja nao. Hiyo nusu saa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za siku. Msichana amekaa ameunyoosha mgongo, mikono mapajani, lakini chini ya meza kisigino chake cha kulia hakigusi sakafu. Kinatetemeka bila kukoma, na soksi imechakaa mahali hapo.

"Sista, niruhusu nitembee dakika tano tu."

Ninamwuliza ni kitu gani kinachomjia anapokaa. Anafikiri kwa muda mrefu, kisha anasema, "Hatia. Kama vile nimeiba."

Ninayaandika maneno hayo kwenye faili kama alivyoyasema, kwa sababu kwangu yanapima ugonjwa huu vizuri kuliko hesabu ya dakika za mazoezi. Watu wawili huweza kukimbia umbali uleule. Mmoja akiumia hupumzika hadi apone, na mwingine, kama huyu, huendelea kukimbia juu ya mfupa wa muundi uliopata ufa.

Saa 5:00 baba yake anakuja. "Mazoezi si afya, sista? Mimi nilikuwa nikimsifu." Ninamweleza kwamba hata William Gull, daktari wa London aliyeupa ugonjwa huu jina la anoreksia nevosa katika andiko lake la mwaka 1874, alishangazwa na jinsi mgonjwa aliyekonda vile alivyokuwa hatulii. Ninamweleza pia kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 1967, ambamo panya waliolishwa saa moja tu kwa siku na kuwekewa gurudumu la kukimbilia walizidi kukimbia huku wakipunguza kula, hadi wakafa, ilhali wenzao waliolishwa vivyo hivyo bila gurudumu waliweza kuishi. Nilitaka aelewe kwamba njaa yenyewe huchochea msukumo wa kutotulia, na kwamba binti yake hakuuchagua. Anakaa kimya, ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

Mchana unapita kwa dawa na makaratasi.

Saa 9:00 alasiri mtaalamu wa fiziotherapia anawaongoza wale ambao vipimo vyao vinaruhusu, wanyooshe viungo polepole wakiwa wamekaa, na baadaye kila mmoja aseme alichohisi. Zamani niliamini katika marufuku kamili. Nilimsimamia mgonjwa mmoja kwa ukali, naye akahamishia mazoezi yake mafichoni na kuacha kunieleza ukweli. Ilinichukua wiki nyingi kuurudisha uaminifu ule. Msichana wangu hajafikia kiwango cha kujiunga na kundi, kwa hiyo nimekaa naye kando akiwatazama, na tumezungumzia jinsi alivyopenda kukimbia alipokuwa mtoto, kabla hakujahesabiwa chochote.

Saa 1:00 usiku ninakabidhi zamu. Ninamwomba mwenzangu asogeze kiti karibu na kitanda cha mwisho mapema, na ikifika saa 9 awe amekaa hapo.