Kuvua kwa ndoano ziwa usilolijua, likizo ya familia Kusini

Familia ikishuka Lindi au Mtwara kwa likizo ya Juni, mpenda kuvua huwaza bahari kwanza. Lakini Juni ni kusi. Upepo ukikaza, nje ya ghuba si mahali pa mtu aliyekuja na watoto. Maziwa madogo ya bara, kama Rutamba upande wa Lindi na Kitere upande wa Mtwara, hayo yanavulika: alfajiri maji yametulia, na saa nne unaweza kuwa umesharudi.

Anayesoma kurasa za wavuvi wa Marekani atakuta mambo mengi ya samaki aitwaye bass. Huyo alipelekwa Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920, naye hukimbiza chambo cha plastiki kinachotembea. Huku tunatafuta perege na kambale. Perege hadonoi kwa hasira, anaonja. Chambo cha plastiki kitakula pesa yako bure.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: asubuhi ya kwanza ni ya kupima maji, kuvua kunafuata. Mgeni akirusha ndoano pale gari liliposimama, siku zote atavua pale pale, juu ya tope lisilo na samaki, kisha atasema ziwa limekufa.

Kabla ya safari, fungua picha ya setilaiti kwenye simu. Tafuta vijito vinapoingilia, kingo zisizo na matete, na mahali mitumbwi ilipoegeshwa, kwa maana hapo ardhi ni ngumu na njia inafika. Ila usiiamini picha hiyo kupita kiasi. Kusini mvua ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Juni maji bado yamepanda hadi kwenye majani. Mwanzoni mwa Desemba yameshuka na kuacha ukanda mpana wa tope. Ufuo ulioonekana kwenye picha huenda sasa uko hatua hamsini ndani ya maji.

Leseni ishughulikie siku ya kazi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inaitaka, na pa kuanzia ni kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Ukiingia mjini Ijumaa jioni utasubiri Jumatatu, na hapo nusu ya likizo imekwenda. Kijijini, pitia kwa mtendaji na viongozi wa BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi) kabla ya kugusa maji. Ukibadili mawazo ukataka Msimbati, kumbuka pwani hiyo ya Mtwara imo ndani ya hifadhi ya bahari yenye vibali vyake.

Halafu tafuta mvuvi mtu mzima. "Shikamoo mjomba," kisha kaa chini, usiulize umesimama. Usianze na "samaki wapo?" Jibu ni "wapo" kila siku. Uliza: "Wiki hii maji yanapanda au yanashuka? Nyavu mnatega upande gani? Mamba anaonekana wapi?" Majibu matatu hayo yanakuchorea ziwa. Mkodishe yeye na mtumbwi wake kwa saa mbili za kupima, na mkubaliane bei kabla ya kupanda. Mtoto asipande bila jaketi la kuokolea, hata kama maji yanaonekana ya magotini.

Kifaa cha kupimia mabaharia hukiita bildi, na unaweza kuitengeneza mwenyewe. Chukua kamba nyembamba ya mita 10, piga fundo kila nusu mita, funga chubwi (kizito cha kuzamishia) ya gramu 50 hivi. Chini ya chubwi bandika sabuni ya mche iliyolainishwa, unene wa ukucha. Itupe, hesabu mafundo, ipandishe, uiangalie sabuni. Ikileta chembe za mchanga au changarawe, weka alama kwenye simu. Ikirudi na tope jeusi linalonuka yai bovu, ondoka: chini pale hewa ni haba na perege hakai. Unachotafuta ni mahali ambapo mita 1 inageuka ghafla kuwa 2 au 3, jirani na mayungiyungi au mti uliozama. Kwenye kina kifupi chenye mchanga utaona mabakuli ya duara sakafuni. Hivyo ni viota vya perege dume. Vua pembeni yavyo, upande wa maji ya kina.

Upepo nao una neno. Kusi husukuma chakula cha juu ya maji kuelekea ukingo wa kaskazini na kaskazini-magharibi, na samaki hufuata. Lakini ukishakaza, kiboya kinacheza ovyo na huoni mdonoo. Ndiyo sababu ya kuwahi. Juni jua huchomoza kama saa 12 na nusu. Kuanzia hapo hadi saa tatu na nusu ndio muda wako.

Kwa perege: mshipi wa milimita 0.25, ndoano ndogo ya namba 8 au 10, kiboya cha kipande cha tete unene wa kidole, na chubwi ndogo ya kukifanya kisimame ncha tu ikionekana. Wengi hukosea kwa kuweka ndoano kubwa. Mdomo wa perege ni mdogo, anamaliza chambo na kuondoka. Pima kina, kisha panga kiboya ili chambo kining'inie shibiri moja juu ya sakafu.

Chambo ni kipande cha nyungunyungu cha sentimita 2, au donge: unga wa ngano kikombe 1, sembe nusu kikombe, maji kidogo kidogo, ukande mpaka usinate kidoleni. Changanya nyuzi chache za pamba, la sivyo donge litayeyuka kabla ya kufika chini. Weka ukubwa wa punje ya mbaazi. Kuwaita samaki, finyanga pumba na udongo wa ukingoni kama ndimu, tupa nne, halafu moja kila nusu saa. Ukizidisha unawashibisha. Kitere wanalima mpunga, kwa hiyo pumba ulizia huko huko.

Kiboya kikitetemeka, tulia. Kikilala ubavu, perege ameinua chambo. Kikianza kuteleza pembeni, hapo vuta kwa kiwiko, si kwa mkono mzima. Dakika 20 bila mdonoo, badili kina kwanza kabla ya kuhama: ongeza nusu mita, halafu punguza.

Kambale hupenda giza. Yeye huvuliwa kwa ndoano kubwa ya 2/0, mshipi wa milimita 0.50 na utumbo wa kuku sakafuni. Kwa familia nashauri muache uvuvi wa jioni. Kiboko hutoka majini jua likizama na kurudi alfajiri, kwa hiyo hata asubuhi usisimame kwenye njia iliyolazwa majani kuelekea majini. Asubuhi ya mawingu kambale hula pia. Ukimshika, jihadhari na miiba miwili ya mapezi ya ubavuni. Mbane nyuma ya miiba hiyo.

Mpaka mwenyeji aseme vingine, hesabu kuwa ziwa lina mamba na kichocho. Simama hatua tatu kutoka majini, vaa buti, watoto wasioge wala kuchezea majani ya ukingoni ambako konokono hukaa. Samaki msiwapare ukingoni. Bebeni maji ya kisima kwenye dumu la lita 20, mwapare mbali, matumbo mfukie.