Lifti ya treni ya mfano: kunyanyua ni rahisi, kazi ni kulinganisha reli

Ghorofa zangu mbili za reli za mfano zimepishana kwa sentimita 40. Kwa kawaida watu huziunganisha kwa njia inayopanda kwa kuzunguka. Kwa kipimo cha HO (treni ndogo mara 87 kuliko ile halisi), mzunguko wenye nusukipenyo cha sentimita 60 na mwinuko wa asilimia 2.5 hupanda sentimita 9.4 tu kila raundi. Hapo zinahitajika raundi nne na ushee, karibu mita 16 za reli, na kona nzima ya chumba. Lifti inanichukulia sentimita 20 kutoka ukutani.

Jukwaa ni plaiwudi ya milimita 12, urefu mita 1.8, limeimarishwa kwa engo ya alumini ya milimita 25 mbele na nyuma. Linabeba kichwa kimoja na mabehewa sita. Linanyanyuliwa na parafujo mbili za milimita 8, zinazopanda milimita 2 kwa kila mzunguko, nikaziweka sentimita 40 kutoka kila ncha. Hapo ubao haupindi sana katikati wala mwishoni. Zipo parafujo za kipenyo hichohicho zinazopanda milimita 8 kwa mzunguko. Ni za haraka, lakini umeme ukizimwa jukwaa linaweza kujishukia lenyewe.

Parafujo nimezining'iniza juu kwa beringi za kubeba uzito, na chini zimeshikwa tu zisitikisike. Chuma chembamba kikivutwa hakina neno. Kikisukumwa kutoka chini hupinda. Mkanda mmoja wa meno unazizungusha zote mbili, kwa mota moja ya gia ya volti 12. Kwa mizunguko 200 kwa dakika, safari inachukua dakika moja. Kwa mpango huu uzito wa kusawazisha, ule unaoning'inizwa upande wa pili wa lifti, hauna kazi, maana mzigo wote ni kama kilo nne.

Kuliongoza jukwaa lisiyumbe nimetumia reli mbili za droo zenye gololi, zimesimamishwa wima kwa pima maji. Moja imekazwa kabisa. Ya pili imefungwa kwenye matundu marefu ili iweze kusogea kidogo kushoto na kulia. Ukizikaza zote mbili na zisiwe sambamba, jukwaa litakwama katikati ya safari, na mota italaumiwa bure.

Sasa reli za treni. Swichi ya kikomo, inayokata mota jukwaa likifika, haitoshi kusimamisha jukwaa mahali pake hasa. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuangusha gurudumu. Kwa hiyo mota inafikisha jukwaa karibu, halafu pini za shaba za milimita 4, zilizochongwa ncha, zinaingia kwenye mirija ya shaba na kulimalizia. Ili hilo liwezekane, nati inayopanda na kushuka kwenye parafujo haijafungwa kwenye jukwaa: jukwaa limeikalia tu, likiwa na nafasi ya milimita 2 kwenda juu. Swichi nimeziweka zisimamishe jukwaa milimita 1 chini ya usawa, na pini inalinyanyua hiyo milimita. Hata likitoka juu, linapita chini kidogo kisha linarudi kupanda, hivyo ulegevu wa nati unaishia upande uleule kila mara.

Kwenye ghorofa ya chini nililaza reli moja nzima juu ya mwanya ulio kati ya jukwaa na njia, pini zikiwa ndani, nikailehemu kwenye vichwa vya skrubu za shaba pande zote mbili, ndipo nikaikata kwa kisahani chembamba. Ghorofa ya juu hufuata jukwaa: lifunge kwa pini kwanza, kisha leta reli za juu zikutane nalo na uzilehemu hapo. Kona za ndani za kila ncha zipitishiwe tupa kidogo.

Umeme wa jukwaa unapitia pini mbili, moja kwa kila reli, hivyo treni haiwezi kusogea lifti ikiwa safarini. Vichwa vyenye sauti hujizima na kuwaka upya, jambo ambalo mimi halinisumbui. Sentimita 60 za mwisho za njia inayoingia kwenye lifti hupata umeme kwa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) pale tu pini za ghorofa hiyo zinapokuwa zimeingia. Ongeza na kizuizi cha alumini kila ncha ya jukwaa, kwa sababu behewa lisilo na kichwa hujiviringikia bila kusubiri umeme.