Vitwitwi juu ya mpira wa nyuzi

Januari 2016 nilikuwa mwanafunzi Matsumoto, mji wa milimani katika mkoa wa Nagano, Japani. Baridi ya huko mwezi huo hushuka chini ya sifuri, na mimi ni mtoto wa Tanga. Nikienda darasani nilitembea macho chini nisije nikateleza kwenye barafu, na ndivyo nilivyoiona temari mara ya kwanza: imechorwa kwenye mifuniko ya chuma ya chemba za barabarani. Nilidhani ni maua tu. Bibi mmoja jirani yetu, wa miaka zaidi ya 70, ndiye aliyeniambia kuwa ile ni mipira ya nyuzi, na kwamba yeye huitengeneza tangu ujana wake. Akanikaribisha Jumamosi. Tangu siku hiyo nikamwita Sensei, yaani mwalimu.

Tulikaa chini, miguu tumeiingiza chini ya kotatsu, ile meza fupi yenye kipasha joto na mfarishi juu yake. Akaniwekea mbele pumba za mpunga. Nilipozisogeza puani nikawa niko kwetu, mashineni, foleni ya kukoboa. Tukazifunga kwenye karatasi laini, tukaviringisha nyuzi nene, kisha uzi mwembamba wa kushonea, wa bluu iliyokolea, mamia ya mizunguko. Kila mzunguko upite mahali pengine na mpira ugeuzwe mkononi bila kupumzika, la sivyo unatoka kama yai. Sensei akasema zamani kiini kilikuwa mabaki ya kimono zilizochakaa, na watoto waliudundisha mpira huo huku wakiimba, mpaka ilipoingia mipira ya raba. Nikamweleza kuhusu chandimu, jinsi kaka zangu walivyokuwa wakifunga matambara na karatasi kwa kamba wakapata mpira wa jioni nzima. Aliufurahia sana mpira huo wa Tanga, akataka nimwonyeshe kwa mikono namna kamba inavyopita.

Nilikuja nikitaka kushona. Saa nzima sikushika sindano. Kwanza mpira unagawanywa, na kazi hiyo inaitwa jiwari. Unachukua ukanda wa karatasi, unauzungusha mpira mzima, unaukata pale unapokutana na mwanzo wake. Wangu ulikuwa na sentimita 24. Ukiukunja katikati unapata ncha ya pili ya mpira, ukiukunja tena katikati unapata mstari wa kati, kama ikweta. Kwenye ikweta hiyo unachoma pini nane, kila moja sentimita 3 kutoka kwa mwenzake, halafu uzi wa dhahabu unapita nchani kwenda pini hadi pini, mpira unabaki umegawanyika kama chungwa lililomenywa. Pini ya saba na ya nane nilizichoma kwa macho. Nilikuwa na haraka ya ua.

Mshono wenyewe, chidori kagari, jina lake limetoka kwa ndege. Chidori ni wale ndege wadogo wa ufukweni, jamaa ya hawa tunaowaita vitwitwi, ambao maji yakikupwa hukimbia upande huu na upande ule wakiacha nyayo za zigizagi mchangani. Sensei alinionyesha polepole. Mkono unasafiri kwenda kulia, lakini sindano inaelekea kushoto: unachota nyuzi chache tu chini ya mstari wa dhahabu karibu na ncha, unashuka mstari wa pili, unachota karibu na ikweta, unapanda tena. Hakuna kitambaa. Mshono mzima umeshikwa na ule uzi mwembamba uliouzungusha mwenyewe, kwa hiyo ukizembea kule mwanzo hapa huna pa kushikia. Mzunguko unaofuata unapita nje ya uliotangulia na kuukumbatia, na hapo sindano inageuzwa, unaanza na tundu lake badala ya ncha, ili isichane nyuzi zilizokwisha kulala.

Mzunguko wa kwanza ukafunga. Wa pili. Wa tatu, petali zikaanza kusema: moja nene, ya pili yake imekonda. Sensei hakutamka neno. Aliuchukua ukanda wa karatasi akaulaza kando ya kiganja changu, akainuka kwenda kumimina chai. Nikapima. Tatu, tatu, tatu, mbili na nukta sita. Nikafumua mizunguko yote mitatu, nikafumua na uzi wa dhahabu, nikazichoma pini upya. Koo lilikuwa limenikaba, kwa sababu nje giza lilishaingia na nilitamani sana kuondoka na kitu mkononi. Aliporudi alikaa karibu yangu kuliko mwanzo, akanishikia mpira nilipokuwa nikirudia ncha ya kaskazini. Mikono yake ilikuwa ya moto kutokana na kikombe.

Nilimaliza Jumamosi ya tatu. Uzi wa mwisho unazamishwa ndani ya mpira na kutokezwa mbali, kisha unakatwa pale pale ulipotokea, ukajificha. Fundo la mwanzo nalo huvutwa mpaka lipenye ndani. Unalisikia kidoleni, tap, limekwenda.

Mwaka uliofuata nilimpelekea mama yangu ule mpira. Mama amedarizi foronya na vitambaa vya makochi maisha yake yote, watu wa Ngamiani wanazo kazi zake. Alisogea dirishani, akaugeuza mara nyingi akitafuta fundo, hakulipata. Halafu akafumba macho, akapitisha dole gumba juu ya ile bluu kati ya petali mbili, akasimama mahali pamoja.

"Hapa ulifumua," alisema.