Daftari la Furukombe

Mluzi nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi, mwaka nilioanza kazi ya boti katika Ziwa Naivasha. Unachukua tilapia mdogo aliyekwisha kufa, unamjaza kipande cha bua la funjo tumboni, kwa sababu funjo ni jepesi na samaki akiwa nalo hazami. Unaisogeza boti taratibu hadi mkabala na mti alioketi furukombe, yule tai mla samaki, unazima injini, unamwinua samaki juu ili aonekane, unapiga mluzi mrefu, kisha unamtupa majini. Furukombe anaacha tawi, anashuka mshazari, anaitoa miguu mbele dakika ya mwisho kabisa, na samaki keshaondoka. Wageni wanashangilia na kupiga picha. Kwa miaka minane watoto wangu walikula na kusoma kwa mluzi huo.

Kwa hiyo kama mtu angeniuliza mwanzoni mwa mwaka 2020 iwapo nawajua furukombe, au tai wala samaki kama wageni wengi wanavyowaita, ningemjibu bila kusita. Nilijua kwamba jike ni mkubwa kuliko dume, na kwamba wakiitana, vichwa vyeupe vimetupwa nyuma, sauti nyembamba ni ya dume. Nilijua jozi ipi inamiliki mgunga upi, na nani huja haraka na nani ni wa kubembelezwa. Jozi niliyoitegemea zaidi ilikuwa na mgunga wa shina la njano ulioinamia maji. Kiota chao kilikaa kwenye panda ya juu, rundo la vijiti pana kuliko meza ya kulia chakula, maana kila msimu walikuwa wakiongeza. Kilichokuwa ndani ya kiota hicho sikuwahi kukifikiria. Kazi yangu ilikuwa majini.

Corona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi, hoteli zilifunga, ndege za kimataifa zikasimamishwa, kafyu ikaanza, na boti zetu zikafungwa kamba. Shule nazo zikafungwa, kwa hiyo binti yangu wa gredi ya nne akawa nyumbani mchana kutwa na vitabu alivyokwisha kuvisoma mara mbili. Mke wangu aliuza sukuma wiki kando ya barabara. Hiyo ndiyo iliyokuwa pesa ya nyumba.

Na ziwa likaanza kupanda. Mvua zilikuwa nyingi, mto Malewa ukashusha maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kila wiki ufuo ulikuwa umesogea. Mtaa wa Kihoto uliingiliwa na maji. Watu tuliowafahamu walibeba magodoro kichwani, na viboko wakawa wanapita usiku mahali ambapo watoto walikuwa wakicheza kandanda. Mgunga wa furukombe wangu ulikuwa nchi kavu tangu niufahamu. Kufikia Juni ulikuwa umesimama ndani ya maji, na uzio wa nyaya uliokuwa mbele yake ulibaki vichwa vya nguzo tu.

Nilienda huko kwa makasia kutazama kama mti ungali mzima. Mafuta ya injini hayakuwepo. Binti yangu aliomba kuja, akabeba darubini ambayo mgeni mmoja alinipa zamani, ikiwa na lenzi moja yenye ufa. Tulijificha kwenye mafunjo, kama hatua themanini hivi kutoka kwenye mti. Tulikuwa tumekaa karibu saa nzima ndipo akaninong'oneza, "Baba, kuna kichwa."

Kilikuwa kichwa cha jike, cheupe, kimechomoza kidogo juu ya vijiti. Hakusogea. Baadaye dume alikuja, wakaitana, jike akasimama na kujinyoosha, akaruka, na dume akashuka kiotani, akakunja makucha yake kwa uangalifu kama mtu anayepita katikati ya vikombe, akalala. Walikuwa na mayai, na walikuwa wakipeana zamu. Miaka minane nilikuwa nikimwona yule dume kama mshale. Sikujua kwamba anaweza kutembea kwa vidole.

Tukaanza kwenda karibu kila asubuhi, jua likisha kutoka na viboko wakisha kutulia, kwa sababu kiboko si wa kukutana naye gizani ukiwa ndani ya mtumbwi na mtoto. Binti yangu alichukua daftari la hesabu lililobaki nusu, akachora safu mbili. Juu ya moja akaandika Baba, juu ya nyingine Mama. Kila samaki aliyeletwa kiotani alimwekea kijiti kimoja katika safu ya aliyemleta.

Katikati ya Julai mambo yalibadilika. Jike hakulala tena chini kabisa. Alikaa ameinama, na tukamwona akinyofoa vipande vidogo mno vya samaki na kuviteremsha ndani ya kiota. Tulijua kuna kinda kabla ya kumwona. Wiki ya mwisho ya mwezi huo vichwa vyenyewe vilijitokeza, viwili, vya kijivu, vikitikisika kama maua kwenye mashina membamba. Kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kingine. Jike huanza kuatamia mara tu akitaga yai la kwanza, hivyo wa kwanza kuanguliwa anampita mdogo wake kwa siku kadhaa, na kwa kinda siku kadhaa ni nyingi.

Safu ya Baba ilijaa haraka. Wakati huo Mama alikuwa hatoki kiotani ila kwa muda mfupi, na mzigo wote ulikuwa wa dume. Nataka kueleza nilichokiona hapo, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike kumbukumbu hii. Samaki wangu wa kutupwa alikuwa amekufa, anaelea, hana pa kwenda. Dume hakukosa hata mara moja. Nikawa nimeamini hivyo ndivyo anavyovua siku zote. Sasa nilimtazama akivua kweli, katika maji yaliyojaa tope. Alikaa kwenye tawi kavu, kichwa kikigeuka kidogo kidogo. Alishuka, makucha yakachana maji, akapanda mikono mitupu. Akarudi tawini, akajikung'uta. Akashuka tena. Asubuhi moja tulimhesabia mara saba bila kitu, kinda wakilia juu bila kunyamaza, na mara ya nane alimkwida samaki mzito aliyeshindwa kumwinua. Hakumwachia. Alilala juu ya maji, akatandaza mabawa, akayatumia kama makasia, akapiga na kupumzika, akapiga na kupumzika, mpaka akamfikisha kwenye nguzo ya ule uzio uliozama. Alikaa pale muda mrefu mdomo wazi, mabawa yamelegea yakidondosha maji. Kisha akakata kipande anachoweza kukibeba na kuruka nacho kwenda juu. Yeye mwenyewe hakuonja.

Binti yangu aliweka kijiti kimoja. Alikitazama, akasema, "Hiki ni kidogo, Baba. Kazi yenyewe ilikuwa kubwa."

Mimi sikujibu. Wiki hiyo nilikuwa nimeenda kuomba kibarua sehemu tatu.

Siku ambazo samaki walikuja wachache, kinda mkubwa alianza kumdonoa mdogo. Mwanzoni tulidhani ni mchezo. Mama alisimama palepale, samaki mdomoni, akampa aliyenyoosha shingo zaidi, na aliyenyoosha zaidi alikuwa yule mkubwa. Mdogo akiinua kichwa anapigwa kisogoni, anakishusha. Binti yangu alinishika mkono. "Baba, mpigie mluzi. Mtupie samaki."

Nilimwambia hatuna samaki. Alisema tukatafute.

Nilikwenda kwa yule mzee mvuvi jioni ile kabla ya kafyu, nikakopa tilapia wawili. Alinisikiliza habari yote, akanifungia samaki kwenye gazeti. "Wakati mwingine hulea wote wawili," aliniambia. "Nimewaona. Lakini ziwa hili la sasa, kijana wangu, hata mimi halinipi." Mmoja tulimla nyumbani, watu watano. Mwingine niliuweka mwili wake ndani ya maji ya baridi mpaka asubuhi.

Ilikuwa tarehe 1 Agosti. Naikumbuka kwa sababu redio ya jirani ilikuwa ikitangaza kwamba ndege za kimataifa zinaanza tena kuruka siku hiyo. Tulifika mafunjoni, binti yangu akainua darubini, akakaa nayo machoni. Kichwa kilikuwa kimoja. Tulingoja hadi jua likatuchoma, na kilikuwa kimoja. Dume alileta samaki mdogo, jike akalisha mmoja. Hakuna kilichoonyesha kwamba jana walikuwa wawili.

Nilipiga mluzi vilevile. Dume alikuja, akamchukua tilapia wangu, akampeleka kiotani. Nilimtazama binti yangu nikidhani ataandika. Alikuwa ameishika kalamu bila kuigusisha kwenye karatasi.

"Huyo hatumwandiki," alisema. "Hakumvua yeye."

Wiki tatu zilizofuata sina mengi ya kuzisimulia. Nilipata kibarua cha kupakia mchanga, tukawa tunaenda ziwani Jumapili tu. Kinda aliyebaki aliota manyoya ya kahawia yenye michirizi, hana kichwa cheupe kama cha wazazi wake, na kwa kweli mtu asiyejua angedhani ni ndege wa aina nyingine. Weupe ule huchukua miaka. Maji ya mto yalipungua tope kidogo. Safu ya Mama nayo ilianza kupata vijiti, kwa sababu sasa mtoto aliweza kuachwa peke yake na wote wawili walikuwa wakivua.

Mwezi wa Septemba alianza kupanda ukingoni mwa kiota na kupiga mabawa akiwa ameng'ang'ania kijiti. Upepo wa alasiri ukimnyanyua kidogo, alishtuka na kukaa chini. Nilikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia binti yangu. Miaka yote kinda wa mti huo akikosea kuruka angeangukia kwenye nyasi. Huyu chini yake kulikuwa na maji.

Aliruka Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, tukiona. Hakukusudia, nadhani. Upepo ulimchukua kutoka tawini, akapiga mabawa kwa fujo, akapita juu ya mafunjo akizidi kushuka, akaangukia majini katikati kabisa. Binti yangu alisimama ndani ya mtumbwi nusura utupindue. Nilishika kasia kwenda kumwokoa. Wazazi walikuwa juu wakizunguka na kuita, sauti nene na sauti nyembamba. Ndipo yule mtoto akatandaza mabawa juu ya maji, akapiga, akapumzika. Akapiga, akapumzika. Alielekea kwenye nguzo ileile ya uzio ambayo baba yake alipumzikia. Alipanda juu yake kwa makucha na mdomo, akakaa, ameloa kama kitambaa cha kufutia meza.

Hakuna aliyemfundisha. Au labda siku ile alikuwa akichungulia kutoka juu. Sijui mtoto huona nini.

Usiku huo binti yangu alichukua ukurasa wa mwisho wa daftari, akauachia mstari mmoja juu: Samaki wa kwanza wa Mtoto. Tarehe 12 Oktoba gredi ya nne ilirudi shuleni pamoja na darasa la nane na kidato cha nne, na ukurasa ule ukabaki mtupu. Kila Jumapili tulimwona akishuka na kukosa. Wazazi waliendelea kumletea, naye aliwapokea kwa kelele ambazo zilisikika hadi barabarani.

Desemba hoteli zilianza kupata watu wa Nairobi, na siku mbili kabla ya Krismasi nilipata familia moja, baba, mama na wavulana wawili. Walikuwa wageni wangu wa kwanza tangu Machi. Niliweka mafuta kwenye injini kwa pesa yao. Nilimjaza tilapia funjo tumboni. Nilizima injini mkabala na mgunga ule, ambao majani yake yalikuwa yameanza kupukutika kwa kukaa majini, nikapiga mluzi.

Aliyeacha tawi hakuwa dume. Alikuwa wa kahawia. Alishuka vibaya, kasi nyingi mno, akatoa miguu mapema, na bado akamkamata. Wale wavulana walipiga kelele za furaha na baba yao akaniongezea pesa juu ya nauli. Nilizipokea. Nilizihitaji.

Nilipofika nyumbani binti yangu alikuwa tayari amesikia kutoka kwa mwenzangu wa gatini kwamba yule mdogo ameshika samaki. Daftari lilikuwa limefunguliwa mezani kwenye ukurasa wa mwisho.

"Alimvua mwenyewe?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Nilimtupia mimi," nilimwambia.

Aliifunika kalamu. Alikaa kidogo, kisha akasema, "Kesho twende bila samaki."

Tulikwenda kwa makasia, mapema, kabla ya boti za wageni. Yule mdogo alikuwa kwenye tawi kavu la baba yake. Aliposikia makasia aligeuza kichwa akatuangalia, akingoja, na mimi nikafunga mdomo wangu. Tulikaa. Alishuka mara moja akakosa, mara ya pili akakosa. Mara ya tatu alipanda kutoka majini na kitu kwenye makucha, kidogo sana, kikining'inia, akapotea nacho nyuma ya mgunga. Binti yangu alimfuata kwa darubini hadi mwisho na hakuweza kuniambia kama ni samaki au ni jani la funjo.

Alifungua daftari akaweka kijiti kimoja. Pembeni yake akaandika alama ya kuuliza.